Mvinyo wa kujitengenezea au wa dukani: ni upi unaofaa pesa yako?

Ingia supamaketi yoyote kando ya Naivasha Road mwisho wa mwezi na utaona rafu ya mvinyo imechangamka. Huyu anachukua chupa ya kupeleka kwa wakwe, yule ya bethidei, mwingine ya kujipongeza tu kwa sababu mwezi umeisha salama. Halafu ukifika nyumbani Satellite, unafungua simu na kukutana na tangazo: agiza kifurushi, jitengenezee chupa 30 jikoni kwako, kila chupa kwa chini ya nusu ya bei ya duka.

Je, ni kweli? Jibu letu fupi: kwenye karatasi, hesabu ya tangazo inaweza kuwa sawa. Shida ni kwamba imeruka mambo matatu, yaani chupa utakazokunywa kweli, kodi, na sheria. Tuyapitie kabla hujabonyeza "tuma". Makala haya ni ya walio na miaka 18 na zaidi.

Kifurushi kina nini ndani?

Kule Dodoma, Tanzania, zabibu ziko shambani na huvunwa mara mbili kwa mwaka. Hapa Riruta zabibu ni za kununua kwa kilo, na chupa moja ya mvinyo inakula zaidi ya kilo moja ya zabibu. Ndiyo maana wauzaji huleta kifurushi. Ndani yake kuna juisi nzito ya zabibu iliyokolezwa, hamira maalum ya mvinyo, na poda za kuzuia vijidudu na kung'arisha kinywaji. Kifurushi kikubwa cha kawaida hutoa lita 23 hivi, ambazo ni chupa 30 za mililita 750.

Vifaa huuzwa kando: ndoo kubwa ya plastiki inayofaa chakula, mtungi wa pili, mpira wa kuhamishia, kifuniko kinachotoa gesi bila kuingiza hewa, na haidromita ya kupimia sukari. Hiyo haidromita si mapambo. Kila gramu 17 hivi za sukari katika lita moja hugeuka kuwa asilimia 1 ya kileo, kwa hivyo bila kipimo hujui umetengeneza kinywaji cha asilimia 8 au 14.

Kazi yenyewe huchukua kati ya wiki nne na nane. Mvinyo unapenda joto la wastani lisilopanda na kushuka sana. Nyumba ya mabati inayochoma mchana na kupoa usiku si rafiki yake. Pia unahitaji maji safi mengi, kwa sababu kila chombo lazima kioshwe na kutakaswa. Kama maji yako ni ya mtungi wa lita 20 kutoka kwa muuzaji, hiyo nayo ni gharama.

Hesabu ya tangazo

Tutumie bei za mfano. Wewe badilisha uweke zako.

- Kifurushi cha chupa 30, pamoja na kuletewa: Sh12,000
- Vizibo, maji, stima na ada za kutuma pesa: Sh1,500
- Vifaa, vinavyonunuliwa mara moja: Sh9,000

Mzigo wa kwanza utakugharimu Sh22,500. Gawanya kwa 30 upate Sh750 kwa chupa. Mzigo wa pili hauna gharama ya vifaa, kwa hivyo ni Sh13,500, au Sh450 kwa chupa. Kama chupa unayonunua dukani ni Sh1,000, kweli umeshinda: Sh250 kwa kila chupa mwanzoni, na Sh550 baadaye.

Hapo ndipo tangazo hukomea. Hapo ndipo sisi tunaanzia.

Hesabu ya nyumba yako

Swali la kwanza: wewe hununua chupa ngapi kwa mwaka? Usikadirie. Fungua taarifa ya malipo yako ya miezi sita iliyopita kwenye simu, tafuta till za supamaketi na maduka ya vinywaji, uhesabu. Watu wengi hushangaa, wengine kwa kukuta ni nyingi, wengine kwa kukuta ni chache.

Tuseme ni chupa moja kwa mwezi. Kwa mwaka hiyo ni chupa 12, sawa na Sh12,000 zinazotoka polepole. Ukinunua kifurushi, Sh22,500 zinatoka siku moja. Kwa bei ya Sh1,000, ni chupa ya 23 ndiyo inaanza kukuokolea pesa. Kwa mwendo wako wa chupa moja kwa mwezi, utaifikia karibu mwaka wa pili ukiisha, ilhali mvinyo mwingi wa kifurushi umetengenezwa unywewe mapema, si kuwekwa miaka. Ukinywa 12 na zilizobaki zikiharibika, kila chupa uliyokunywa imekugharimu Sh1,875.

Unaweza kusema, basi nitakunywa haraka zaidi. Sawa, lakini hapo hujaokoa chochote, umeongeza matumizi. Chupa 30 chini ya kitanda huisha kwa kasi ambayo chupa ya dukani haikuwa nayo, kwa sababu kila mgeni anajua ziko. Akiba ni pesa iliyobaki mfukoni. Mvinyo wa bei nafuu usiopangwa kununuliwa bado ni matumizi.

Swali la pili: unalinganisha na chupa gani? Kama wewe hununua ile tamu nyepesi ya Sh650, mzigo wa kwanza wa Sh750 kwa chupa tayari ni hasara. Ungehitaji chupa 35 kurudisha Sh22,500, na mzigo una 30 tu.

Swali la tatu: likiharibika? Chombo kimoja kisichotakaswa vizuri kinatosha kugeuza lita 23 kuwa siki. Mtungi uliofungwa kabisa unaweza kupasuka kwa gesi. Dukani, chupa mbovu ni moja na unairudisha na risiti. Nyumbani unapoteza zote 30 pamoja.

Na tafadhali usichukue mkopo wa simu kwa kazi hii. Mikopo mingi ya simu hulipwa ndani ya siku 30, na mvinyo wa wiki sita utakuwa bado unatoa povu wakati mkopo unadaiwa.

Chupa ya dukani imebeba nini?

Mbona tofauti ya Sh550 ni kubwa hivyo? Si kwa sababu mwenye duka anakuibia. Sehemu kubwa ni kodi.

Tangu mwisho wa Desemba 2024, ushuru wa bidhaa kwa mvinyo nchini Kenya hupimwa kwa nguvu ya kileo: Sh22.50 kwa kila sentilita ya kileo halisi. Chupa ya mililita 750 yenye asilimia 12 ina sentilita 9 za kileo halisi, kwa hivyo ushuru wake ni Sh202.50. Ya asilimia 8 ina sentilita 6, sawa na Sh135. Kisha kuna VAT ya asilimia 16: ndani ya bei ya Sh1,000, hiyo ni karibu Sh138. Jumlisha: kama Sh340 za chupa hiyo ya asilimia 12 ni za serikali, kabla hata ya ushuru wa forodha kama imetoka nje ya nchi. Zinazobaki ndizo zinalipia zabibu, chupa, usafiri, mishahara na faida ya duka.

Kwa maneno mengine, "akiba" ya mvinyo wa nyumbani kwa sehemu kubwa ni kodi ambayo haijalipwa. Kumbuka hilo ukifikiria kuuza. Tuseme unauzia majirani kwa Sh500 chupa iliyokugharimu Sh450. Unaona faida ya Sh50. Weka ushuru wa Sh202.50 mahali pake na umebaki na Sh297.50, chini ya gharama yako. Biashara hiyo inaleta faida tu ikiwa hailipi ushuru, na hiyo si biashara ya kuwekea mtaji wa familia.

Sheria inasemaje?

Sheria ya Udhibiti wa Vileo ya 2010, ile wengi tunaijua kama sheria ya Mututho, inataka leseni kwa kutengeneza na kwa kuuza kileo. Kaunti ya Nairobi nayo ina sheria yake ya leseni za vileo ya 2014. Mvinyo wa zabibu hauponi kwa sababu unaonekana wa kistaarabu kuliko busaa. Muratina, ambayo wazee wa Dagoretti wanaijua vizuri kwa ruracio, nayo ni kileo. Kwa hivyo kabla ya kulipia hata ndoo, nenda ofisi ya leseni za vileo ya kaunti uulize. Usitegemee neno la muuzaji wa vifaa kwamba "ya nyumbani haina shida". Yeye atakuwa ameshalipwa.

Na wanachama kumi wa chama wakichangia pesa ili kila mmoja apate chupa tatu? Kwa hesabu ni tamu: Sh2,250 kwa mtu badala ya Sh3,000. Lakini kupokea pesa kwa chupa kunafanana sana na kuuza. Mzigo ukichukuliwa, mchango wa watu kumi unaenda nao, na anayebaki akijibu maswali ni mwenye namba iliyopokea pesa.

Bei ikiwa chini sana, simama

Kutengeneza si nafuu kwa wengi, lakini hata dukani kuna mtego: chupa isiyo na stempu ya KRA, inayouzwa kwa bei ambayo hata ushuru haingetosha kulipa. Sasa unajua kupima: mvinyo wa asilimia 12 ukiuzwa Sh250, ondoa Sh202.50 za ushuru, kisha jiulize Sh47.50 zimelipia nini. Februari 2024, kijijini Kangai, Kirinyaga, watu zaidi ya kumi walifariki baada ya kunywa pombe yenye sumu. Bei poa haifai roho ya mtu.

Ukiwa dukani au unaagiza kwa simu, fanya hivi:

1. Kagua stempu ya ushuru kwa programu ya Soma Label ya KRA kabla ya kulipa.
2. Lipa kwa till ya biashara, si kwa namba ya mtu binafsi. Soma jina linalotokea kwenye skrini kabla ya kuweka PIN. Kama jina si la duka, kata.
3. Kwa muuzaji wa mtandaoni usiyemjua, lipa mzigo ukifika na umeukagua. "Tuma nusu kwanza" ndiyo njia ambayo pesa nyingi hupotelea.
4. Hifadhi ujumbe wa malipo. Kukiwa na shida, wasiliana na huduma kwa wateja mara moja, usingoje kesho.

Kwa hivyo, ni upi?

Kwa nyumba inayofungua chupa moja au mbili kwa mwezi, ya dukani ndiyo nafuu. Unalipa unapohitaji, unachagua aina, na pesa nyingine inabaki kufanya kazi yake. Sh22,500 zile zinaweza kuwa karo, stoki ya kibanda, au kodi ya nyumba.

Ukitaka kuokoa kweli, tenga Sh250 kila wiki kwenye akaunti ya akiba ya simu iliyofungwa, na uite jina lake: "sherehe". Ukianza Januari, Novemba ikiisha utakuwa na wiki 47 hivi, sawa na Sh11,750. Nunua katoni pamoja na marafiki kwenye duka la jumla lenye leseni, bei ya kila chupa ishuke bila mtu kuosha ndoo.

Kabla ya hayo yote, anza na ile taarifa ya malipo. Fungua sasa, hesabu chupa za miezi sita. Namba utakayoona ndiyo itakayokuambia ukweli kuliko tangazo lolote.