Sura ya 6: Mazoezi Yenye Kipimo

Upande wa kulia wa moyo ndio unaosukuma damu kwenda kwenye mapafu ikachukue oksijeni. Kwa mtu mwenye afya kazi hiyo ni nyepesi, maana mishipa ya mapafu hutanuka kirahisi. Wastani wa presha ya damu ndani ya mishipa hiyo ukizidi milimita 20 za zebaki mtu akiwa amepumzika, hiyo ni presha ya mapafu. Mara nyingi mishipa huwa imekuwa myembamba na migumu. Moyo hujikakamua, hutanuka, hatimaye huchoka. Mgonjwa hupanda ngazi chache tu akahema.

Kwa miaka mingi madaktari waliwaambia wagonjwa hawa wasijichoshe. Hofu yao ilikuwa na msingi, kwani mtu anaweza kuzimia akizidisha nguvu. Lakini kukaa tu nako kunadhuru. Misuli isiyotumika husinyaa na hushindwa kuitumia vyema oksijeni inayoletwa, hivyo hata kazi ndogo humchosha mtu.

Mwaka 2006 watafiti wa Heidelberg, Ujerumani, walichapisha matokeo ya wagonjwa 30 waliokuwa kwenye dawa na hali zao zimetulia. Nusu yao walifanya mazoezi kwa wiki 15, tatu za kwanza hospitalini na zilizobaki nyumbani. Waliendesha baiskeli ya mazoezi kwa vipindi, nusu dakika taratibu na dakika moja kwa nguvu kidogo zaidi. Walitembea, walinyanyua vyuma vyepesi na kujifunza kupumua vizuri. Walipopimwa umbali wanaotembea kwa dakika 6, waliongeza wastani wa mita 96. Wenzao ambao hawakufanya mazoezi hawakuongeza kitu.

Miongozo ya Ulaya ya mwaka 2022 inapendekeza mazoezi yanayosimamiwa na wataalamu kwa wenye presha ya ateri za mapafu, aina mojawapo ya presha ya mapafu, walio kwenye dawa. Dawa hutangulia, na mazoezi hayachukui nafasi yake. Daktari hupima kwanza, kisha hupanga mwendo na kikomo cha mapigo ya moyo. Ukiona kizunguzungu, maumivu ya kifua au moyo kwenda mbio kupita kawaida, simama hapo hapo na umjulishe. Usinyanyue kizito huku umebana pumzi.

Mgonjwa anayeambiwa "pumzika" ana haki ya kuuliza: nipumzike kiasi gani, na nitembee kiasi gani?