Vyombo vya jikoni kwa nyumba mpya: bei ya dukani siyo gharama yote

Na Mwandishi Wetu

Anayejenga nyumba katika nchi za Afrika Mashariki huhesabu tofali, saruji, nondo, mabati, madirisha na rangi. Vyombo vya jikoni huja mwisho, wakati mfuko umeshatoboka na familia imechoka kulipa kodi ya pango. Friji na jiko hununuliwa kwa haraka, popote penye bei ndogo: Kariakoo, Nairobi, Kampala, Deira ya Dubai, au kwa ndugu aliyeko Marekani anayesema atatuma kwa kontena.

Haraka hiyo ina gharama zake. Friji hukaa na mnunuzi miaka kumi au zaidi, na kila mwezi hudai umeme. Jiko lisiloendana na gesi au nyaya za nyumba huwa pambo. Chombo kilichovushwa mpakani bila hesabu ya ushuru kinaweza kumfikia mwenyewe kwa bei kubwa kuliko ya duka la mtaani kwake. Makala hii inaeleza mambo ya kupima kabla ya kutoa fedha.

Anza na nyumba, dukani baadaye

Wakati mzuri wa kuchagua vyombo ni kabla ya kupiga plasta, fundi umeme angali anapitisha mabomba ya nyaya. Soketi ya kawaida ya Kenya, Tanzania na Uganda, ile ya pini tatu bapa, imetengenezwa kwa ampea 13. Kwa umeme wa volti 230, hiyo ni takriban wati 2,990. Birika la umeme la wati 2,200 na maikrowevu inayovuta wati 1,400 vikichomekwa pamoja kwenye kebo moja ya kurefusha umeme jumla yake ni wati 3,600. Kebo itapata moto, na hapo ndipo ajali nyingi huanzia.

Kwa hiyo jiko jipya linahitaji soketi za kutosha ukutani, kila chombo kikubwa na yake. Jiko la umeme lenye pleti nne na oveni linaweza kuvuta wati 7,000, yaani zaidi ya ampea 30. Hilo haliwashwi kwenye soketi ya ukutani kabisa. Linahitaji waya wake mnene kutoka kwenye ubao mkuu wa umeme na swichi yake ya kukata umeme. Kuuweka waya huo wakati wa ujenzi ni gharama ndogo. Kuuweka baada ya vigae kubandikwa ni kuvunja ukuta.

Pima pia nafasi. Majiko mengi ya kusimama huuzwa kwa upana wa sentimita 50, 60 au 90. Friji huhitaji nafasi ya hewa nyuma na pembeni ili itoe joto. Ikibanwa kabatini hufanya kazi muda mrefu zaidi na kula umeme. Usisahau kupima mlango wa jikoni na kona ya korido. Wapo wanaolazimika kung'oa fremu ili friji ya milango miwili ipite.

Friji: hesabu ya miaka kumi

Friji ndiyo chombo pekee cha jikoni kinachowashwa saa 24, kwa hiyo bei yake ina sehemu mbili: unayomlipa muuzaji leo, na unayolipa kidogo kidogo kwenye luku.

Tuchukue mfano. Friji ya kwanza inauzwa shilingi za Tanzania 700,000 na inatumia uniti 480 kwa mwaka. Ya pili, ya ukubwa uleule, inauzwa shilingi 900,000 na inatumia uniti 260. Tuseme uniti moja, pamoja na kodi, ni shilingi 350. Tofauti ya uniti 220 kwa mwaka ni shilingi 77,000. Ile nyongeza ya shilingi 200,000 inarudi katika muda usiofika miaka mitatu. Kwa miaka kumi, friji ya "bei ghali" inakuwa imeokoa shilingi 770,000. Ukitoa zile 200,000 za mwanzo, mwenye nyumba amebaki na faida ya shilingi 570,000. Weka bei ya uniti ya kwenu, hesabu ni ileile.

Uniti za mwaka huandikwa kwenye lebo ya nishati. Kenya ina lebo ya nyota moja hadi tano chini ya kanuni za mwaka 2016. Nyota nyingi maana yake matumizi madogo. Friji kutoka Ulaya huwa na herufi A hadi G, na mpangilio huo ulibadilishwa Machi 2021. Kwa hiyo friji ya zamani yenye A+ haimaanishi ni bora kuliko mpya yenye herufi C. Linganisha uniti, si herufi. Kama muuzaji hana lebo wala kitabu, huna msingi wa kulinganisha.

Kuna alama nyingine ambayo wanunuzi wengi huipita: daraja la hali ya hewa, linaloandikwa kwenye kibandiko kilichoko ndani au nyuma ya friji. Herufi N maana yake friji imetengenezwa kwa chumba chenye joto lisilozidi nyuzi 32. ST ni hadi nyuzi 38, na T ni hadi nyuzi 43. Jikoni Dar es Salaam, Mombasa au Tanga mwezi wa Februari, jiko likiwaka, nyuzi 32 hupitwa kirahisi. Mkazi wa pwani atafute T au angalau ST. Mkazi wa Nairobi, Kigali au Mbeya ana nafasi zaidi ya kuchagua.

Angalia na gesi ya kupoozea. Friji nyingi mpya hutumia R600a, ambayo ni nzuri kwa mazingira lakini hushika moto, kwa hiyo ikihitaji kujazwa, mwite fundi anayeijua na asichanganye na gesi nyingine. R134a, iliyotumika kwa miaka mingi, imo katika kundi la gesi ambazo nchi zilikubaliana kuzipunguza kwa Marekebisho ya Kigali, yaliyopitishwa katika mji huo Oktoba 2016. Friji kuukuu za mitumba huja na gesi za zamani zaidi, mipira ya milango iliyolegea na kompresa iliyochoka. Bei yake ndogo mara nyingi huishia kwenye luku.

Jiko: gesi, umeme, au vyote viwili

Kwa jiko la gesi, swali la kwanza ni gesi ipi. Mitungi ya majumbani kwetu ina gesi ya LPG. Baadhi ya majiko yanayouzwa ng'ambo hutoka kiwandani yakiwa na vijitundu vya gesi asilia ya bomba, ambavyo ni vikubwa zaidi. Ukilifunga jiko hilo kwenye mtungi, moto huwa mkubwa, wa njano, na sufuria huchafuka kwa masizi. Dawa ni kubadilisha vijitundu hivyo. Muulize muuzaji kama vya LPG vimo ndani ya katoni.

Swali la pili ni mtungi wenyewe. Aina za valvu na regulata hutofautiana kati ya kampuni na kati ya nchi. Mtungi ulionunuliwa upande mmoja wa mpaka huenda usibadilishwe upande wa pili. Nunua jiko popote, lakini mtungi na regulata vinunue mahali utakapokuwa ukijaza gesi.

Usalama nao huanza kwenye ramani ya nyumba. LPG ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hutambaa sakafuni na kujikusanya mahali pa chini. Mtungi ukae wima nje ya nyumba, mbali na mashimo ya maji machafu, na bomba lake lipitishwe ukutani wakati wa ujenzi. Mpira wa gesi huwa na tarehe ya mwisho wa matumizi, isome.

Upande wa umeme, chombo kilichobadilisha hesabu ni sufuria la presha la umeme. Kwa kuwa limefunikwa na hujizima lenyewe, chungu cha maharage huiva kwa umeme ambao mara nyingi haufiki nusu uniti. Kwa mfano wetu wa shilingi 350, hiyo ni chini ya shilingi 175 kwa maharage ya familia. Pleti ya umeme ya kawaida haifikii matokeo hayo, kwa sababu hupasha hewa pamoja na sufuria. Tanzania ilizindua mwaka 2024 mkakati wa miaka kumi unaolenga asilimia 80 ya wananchi watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034, na sufuria za aina hii zimo katika mazungumzo hayo.

Kwa kuwa umeme hukatika na gesi huisha usiku, mpango wenye nafuu kwa nyumba nyingi ni jiko la gesi kwa ugali, chapati na chai, na sufuria la presha la umeme kwa maharage, makande na nyama ngumu.

Kununua ng'ambo ya mpaka

Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki hutoza ushuru wa pamoja kwa bidhaa zinazotoka nje ya Jumuiya. Ulianza mwaka 2005 kwa viwango vya asilimia 0, 10 na 25, na kiwango cha asilimia 35 kikaongezwa Julai 2022. Bidhaa zilizokamilika kwa kawaida huangukia asilimia 25, ingawa nchi moja moja hubadilisha viwango kwa baadhi ya bidhaa kila mwaka wa bajeti. Muulize wakala wa forodha kabla ya kulipia.

Tuseme friji ni dola 300 Dubai, na usafiri na bima ni dola 100. Forodha inahesabu kwa dola 400. Ushuru wa asilimia 25 ni dola 100, jumla 500. VAT hutozwa juu ya hiyo 500: kwa asilimia 18 ya Tanzania Bara, Uganda au Rwanda ni dola 90. Friji imefika 590, kabla ya tozo nyingine, ada ya wakala na gari la kuifikisha nyumbani. Kwa VAT ya Kenya ya asilimia 16 ni dola 580. Kama friji ileile inauzwa dola 560 mjini kwenu, safari ya Dubai ni hasara.

Kosa linalorudiwa sana Namanga, Busia na Mutukula ni kudhani kwamba kitu kilichonunuliwa ndani ya Jumuiya hakitozwi ushuru. Msamaha ni wa bidhaa zilizotengenezwa ndani ya Jumuiya na kutimiza kanuni za uasili. Friji ya China iliyonunuliwa Nairobi bado ni friji ya China. Sufuria za kiwanda cha Kenya au jiko banifu lililotengenezwa Ruiru ni jambo lingine. Kwa mizigo isiyozidi dola 2,000 yenye sifa hiyo, upo utaratibu wa cheti rahisi cha uasili kinachotolewa mpakani. VAT ya nchi unayoingia bado inaweza kudaiwa. Weka stakabadhi halisi. Bila hiyo, ofisa wa forodha ndiye atakayekadiria thamani.

Anayerejea nyumbani moja kwa moja kutoka ng'ambo anaweza kuruhusiwa, kwa masharti ya Sheria ya Forodha ya Jumuiya ya mwaka 2004, kuingiza bila ushuru vyombo alivyokuwa akivitumia huko. Friji mpya ndani ya katoni si chombo alichokuwa akikitumia.

Umeme wa nchi nyingine

Umeme wetu ni wa volti 220 hadi 240 na masafa ya hezi 50. Umoja wa Falme za Kiarabu na Oman wako katika kundi hilo, na hutumia pini tatu bapa kama zetu. Marekani ni volti 120 na hezi 60. Transfoma hushusha volti, lakini haibadilishi hezi. Friji ya Marekani ikiwekwa hapa kwa transfoma, mota yake huzunguka polepole kuliko ilivyopangwa, hupata joto na maisha yake hufupika. Ndugu aliyeko huko afadhali atume fedha.

Rwanda, Burundi na Kongo hutumia zaidi plagi za pini za mviringo. Hilo ni dogo, ila plagi ibadilishwe na fundi, na waya wa ethi usiachwe ukining'inia.

Mwisho, waranti. Waranti nyingi hutumika katika nchi ulikonunua tu. Friji ikifa Arusha, karatasi ya duka la Deira haisaidii, na kuirudisha ni gharama kuliko kompresa. Chagua aina ambayo mafundi wa mji wako wanaijua na vipuri vyake viko dukani. Hakikisha ina alama ya shirika la viwango la nchi, iwe TBS, KEBS au UNBS. Ongeza kifaa cha kulinda friji dhidi ya umeme unaopanda na kushuka.

Kabla ya kulipa, mnunuzi awe na majibu ya maswali sita. Chombo kitatosha mahali pake? Nyaya za nyumba zinakimudu? Kinatumia uniti ngapi kwa mwaka? Kitanifikia kwa jumla ya shilingi ngapi baada ya ushuru? Nani atakitengeneza? Na je, nyumba inakihitaji mwezi huu, au kinaweza kusubiri? Familia inaweza kuhamia ikiwa na friji moja nzuri, jiko la gesi na sufuria la presha. Oveni, maikrowevu na blenda vinaweza kufuata mwaka unaokuja, mradi soketi zake zimeshawekwa ukutani.