Fremu Ileile, Ukuta Mpya

Fremu ya biashara ikichakaa, wenye maduka wengi wa Sumbawanga huwazia kubomoa: lipu ivunjwe, ipigwe nyingine, na mafundi washinde humo wiki kadhaa huku biashara imesimama. Mara nyingi kilichochakaa ni tabaka la juu tu, na tabaka hilo hubadilishwa bila kugusa tofali hata moja.

Tupige hesabu. Fremu ya mita 4 kwa 5, yenye kuta za mita 3 kwenda juu, ukitoa mlango ina kama mita za mraba 48 za ukuta wa ndani. Kuipiga lipu mpya ya milimita 15 kunataka tani moja na ushee ya mchanga na saruji, mbali na kifusi cha kutupa. Lita moja ya rangi ya maji hufunika kama mita za mraba 10, kwa hiyo mikono miwili ni takribani lita 10, nusu ya ndoo kubwa. Ikikauka, haifiki hata sehemu moja ya kumi ya milimita. Tofauti hiyo haiishii mfukoni: viwanda vya saruji duniani hutoa kama asilimia 8 ya kaboni dayoksaidi inayotokana na shughuli za binadamu.

Lakini utando mwembamba hivyo hausamehi kosa. Rangi ya maji ni chembechembe za plastiki zinazoelea majini. Maji yakiondoka, chembe husogeleana, hugusana, kisha huyeyukiana na kuwa ngozi moja. Kuyeyukiana huko kunataka joto. Rangi nyingi hushindwa zikiwa chini ya nyuzi 5 hadi 10. Sumbawanga iko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai baridi ya nyanda za juu za Ufipa huweza kufika kiwango hicho. Fundi akimaliza mkono wa pili jioni ya Julai, asubuhi ukuta utaonekana umekauka vizuri, ila baada ya miezi michache rangi itaacha unga kiganjani. Kwa maoni yangu, miezi ya kazi hii ni Septemba na Oktoba, wakati baridi imepungua na mvua za Novemba hazijaanza, na kazi ianze asubuhi.

Adui mkubwa zaidi hutoka chini. Tofali la kuchoma limejaa vitundu vidogo, na pale msingi ulipojengwa bila kizuizi cha unyevu, maji ya ardhini hupanda kupitia vitundu hivyo yakibeba chumvi. Ukuta ukiachwa upumue, maji hutoka kama mvuke. Tatizo ni ule mkanda wa rangi ya mafuta tunaoupenda, unaopakwa kuanzia sakafuni hadi usawa wa kiuno ili ukuta ufutike kwa urahisi. Huo huziba njia. Chumvi hugandia nyuma yake, huvimba, na rangi hutoa malengelenge kisha kubanduka na vipande vya lipu. Mwenye duka hupaka tena, na msimu unaofuata hali ni ileile. Lipu mbichi nayo ina ukali wa alkali unaoyageuza mafuta ya rangi kuwa sabuni. Ndiyo maana huachwa wiki nne hivi kabla ya kupakwa rangi ya mafuta.

Kupima unyevu wa ukuta hakuna gharama. Bandika kipande cha nailoni angavu ukutani, ziba kingo zote kwa utepe wa gundi, uache siku nzima. Matone yakitokea upande wa ndani, uliogusana na ukuta, unyevu unatoka ukutani. Yakiwa upande wa nje, hewa ya chumbani ndiyo yenye mvuke, na dawa yake ni madirisha.

Kwa ukuta unaotoa unyevu, chokaa inastahili heshima iliyopotea. Ikipakwa hufyonza kaboni dayoksaidi hewani na kurudi kuwa jiwe, ila jiwe lenye vitundu vinavyopitisha mvuke. Mji Mkongwe wa Zanzibar ulijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Kuta zake zilipofunikwa lipu ya saruji zilinasa unyevu na kuharibika, na wahifadhi wakarudia chokaa. Kwenye hewa kavu ya Ufipa, ukuta uloweshwe kwanza, la sivyo chokaa hukauka kabla ya kukomaa.

Uchaguzi wa rangi nao huamua mwanga wa ndani: nyeupe hurudisha zaidi ya robo tatu ya mwanga unaoipiga, tofali jekundu tupu kama robo. Fremu yenye mlango mmoja huiona faida hiyo mchana kweupe.

Tahadhari moja nisingependa ipuuzwe. Rangi za mafuta za zamani, hasa njano na nyekundu, huenda zina risasi, sumu inayodhuru ubongo wa mtoto. Kikomo kinachopendekezwa leo ni sehemu 90 kwa milioni. Nyingi za zamani zilikipita mbali. Zisisuguliwe kwa msasa mkavu. Lowesha kwanza, bidhaa na watoto wakiwa nje, kisha vumbi likusanywe kwa kitambaa chenye maji wala lisifagiliwe.

Kazi ikiisha, magunia ya mahindi na maharage yasirudishwe kuegemea ukutani. Yapangwe juu ya chaga, yakiacha nafasi ya kupita hewa, maana gunia lililobanwa kwenye ukuta wenye unyevu huota ukungu, na baadhi ya ukungu huo hutengeneza sumukuvu.