Kiraka cha Kompyuta na Watu Waliokijaribu



Kila kompyuta ina programu kuu inayozisimamia nyingine zote, nayo huitwa mfumo endeshi. Windows ni mmojawapo. Mwingine ni Linux, ambao Linus Torvalds aliuanzisha mwaka 1991 alipokuwa mwanafunzi wa chuo kikuu mjini Helsinki, Finland. Linux hutolewa bure pamoja na maandishi yake yote ya ndani, na yeyote mwenye ujuzi aweza kuyasoma, kuyarekebisha na kutuma marekebisho yake. Marekebisho hayo huitwa viraka, kwani hutiwa juu ya kazi iliyopo kama fundi anavyotia kiraka kwenye kanzu.

Huenda ukauliza: ni nani anayehakikisha kwamba kiraka hakikuiharibu kanzu? Mwandishi wake hawezi peke yake. Yeye ana kompyuta moja au mbili, na duniani ziko za aina nyingi mno. Tena aliyeandika mara nyingi halioni kosa lake. Sisi walimu tunalijua hilo vizuri: tunaandika ubaoni, tunasoma mara mbili, na anayeiona nukta iliyosahauliwa ni mtoto aliyekaa nyuma kabisa! Kwa hiyo kabla ya kila toleo jipya la Linux hutangulia matoleo ya majaribio, kwa kawaida moja kila wiki. Watu wa kujitolea huyatia kwenye kompyuta zao, na wakiona hitilafu hutoa taarifa.

Mwezi wa Septemba 2008, wakati toleo la 2.6.27 likijaribiwa, baadhi ya watu hao walipatwa na jambo zito. Kadi za mtandao za Intel katika kompyuta zao zilikufa. Wengi wetu tumezoea kwamba programu ikiharibika unazima, unawasha, mambo yanaendelea. Hapa haikuwa hivyo. Ndani ya kadi kuna kumbukumbu ndogo inayohifadhi namba na mipangilio yake, na kumbukumbu hiyo ilikuwa imeandikwa takataka. Katika laptopu kadi hiyo huwa imeunganishwa na ubao mkuu wa mashine, si kitu cha kuchomoa na kununua kingine dukani. (Ndiyo maana nawaambia vijana wanaopenda majaribio: msifanyie kwenye kompyuta ya pekee ya nyumbani.)

Kwa kawaida kosa hutafutwa kwa kugawa nusu kwa nusu. Tuseme vimeingia viraka 1,000. Unatia 500 vya mwanzo, unajaribu. Kosa likitokea, limo humo. Lisipotokea, limo katika 500 vilivyobaki. Unagawa tena, 250, kisha 125, na baada ya majaribio kama 10 tu umekishika kiraka chenye kosa. Hesabu nyepesi. Lakini safari hii kila jaribio lililoonyesha kosa liliua kadi, na kosa lenyewe halikutokea kila mara. Kwanza walishuku programu za kuonyesha picha kwenye kioo. Wajaribu walishauriwa kuhifadhi nakala ya kumbukumbu ya kadi mapema, na mafundi wa Intel wakaandika kiraka cha kuifunga kumbukumbu hiyo isiandikike. Kinga hiyo ilizuia hasara, ila mkosaji alikuwa bado hajajulikana.

Alipopatikana, watu walistaajabu. Alikuwa ni ftrace, chombo kipya kilichowekwa ndani ya Linux ili kusaidia kutafuta makosa! Chombo hiki kiliweka orodha ya mahali katika kumbukumbu ya kompyuta panapotakiwa kubadilishwa, kisha kikawa kinaamka mara kwa mara kwenda kubadilisha. Baadhi ya mahali hapo palikuwa pa programu zinazohitajika wakati wa kuwaka tu. Zikimaliza kazi, nafasi yake hupewa mwingine. Ni kama mtu anayepeleka barua kwa anwani ya zamani, na nyumba imeshahamiwa na wapangaji wapya. Mpangaji mpya akatokea kuwa kumbukumbu ya kadi ya mtandao.

Chombo kilikuwa na tahadhari: kililinganisha kwanza, na kama hakikukuta maandishi kiliyoyatarajia, kisibadilishe. Tatizo ni kwamba amri ya kichakataji iliyotumika, hata ulinganisho ukikataa, huandika tena kilekile ilichokisoma. Katika kumbukumbu ya kawaida hilo halina madhara. Katika kadi, tendo la kuandika lenyewe lilitosha kuharibu.

Toleo la 2.6.27 lilitoka tarehe 9 Oktoba 2008. Siku chache baadaye likafuata 2.6.27.1, ambalo lilizima sehemu hiyo ya ftrace. Katika 2.6.28, iliyotoka Desemba mwaka huohuo, utaratibu ulibadilishwa: orodha ya mahali ikawa inatengenezwa mapema, programu inapoundwa, badala ya kukusanywa mashine ikiwa inafanya kazi. Ftrace iliendelea kutumika, na imewasaidia wengi kupata makosa ya wengine.