Kwa Nini Tunapiga Magoti Siku ya Noeli



Kila Dominika tunapoungama Kanuni ya Imani, tukifika mahali tunapokiri kwamba Mwana wa Mungu alitwaa mwili kwake Bikira Maria, tunainama. Lakini mara mbili kwa mwaka, yaani tarehe 25 Machi, Bikira Maria alipopashwa habari ya kuzaliwa kwa Bwana, na siku ya Noeli, Kanisa linatuagiza tupige magoti. Wako wanaopiga magoti kwa kuwa jirani amepiga. Yafaa tuijue sababu.

Katika karne ya nne, padre mmoja wa Aleksandria, jina lake Ario, alifundisha kwamba Mwana ni kiumbe. Bora kuliko viumbe vyote, lakini kiumbe. Mababa wa Mtaguso wa Nikea, mwaka 325, walilikataa fundisho hilo. Mwaka 451, Mtaguso wa Kalkedonia ukatamka kwamba Yesu Kristo ni Nafsi moja, Mungu kweli na mtu kweli. Hayo hayakuwa mabishano ya wasomi tu. Kama Mtoto yule si Mungu, hawezi kutuokoa. Na kama si mtu kweli, basi maisha yetu haya, yenye njaa, ugonjwa na kifo, yangali nje ya wokovu.

Ndiyo maana Mwinjili Luka hafichi umaskini wa usiku ule. Mtoto alilazwa horini, mahali wanapolia mifugo. Nalo jina Bethlehemu, kwa Kiebrania, maana yake ni nyumba ya mkate. Aliyelazwa penye chakula cha wanyama ndiye anayetulisha sisi katika Ekaristi. Noeli inayoishia kwenye sufuria ya pilau, pasipo kuikaribia Meza ya Bwana, imeishia mlangoni.

Ndugu zangu, kila mwaka wapo akina mama wanaobaki nyumbani siku hii kwa sababu hawakuwapatia watoto nguo mpya. Wanaona haya. Nguo mpya ni jambo jema, lakini haikuwekwa kuwa sharti la kuingia kanisani. Wachungaji, walioitwa kwanza, walitoka moja kwa moja malishoni, wakakaribishwa.

Basi nawaomba ninyi makatekista, wafundisheni wakatekumeni wenu maana ya kupiga magoti kabla sikukuu haijafika. Na kila Jumuiya Ndogo Ndogo itazame mapema ni nyumba ipi itakayokosa, iende kuibisha hodi, na asubuhi ya Noeli iandamane nayo kanisani. Mungu alishuka hata horini ili asiwepo mtu aliye chini mno asiweze kumfikia. Anayempigia Yeye goti hawezi kumdharau maskini, ambaye Mungu amekubali kufanana naye.

Nawatakieni heri na baraka za Noeli. Amina.