UANAHABARI: Niliandika kisima kina maji, nyanya akaniuliza ni kipi

UKIMWONA kijana anakimbia na daftari mkononi na njaa tumboni, usidhani ameiba. Huyo ni mwanahabari wa kujitegemea, na kikao kimeanza bila yeye.

Mimi ni mmoja wao. Naandikia yeyote anayekubali: gazeti, redio, tovuti. Nalipwa kwa kila habari inayochapishwa. Isiyochapishwa huitwa mazoezi. Na ile iliyochapishwa leo italipwa mwisho wa mwezi, ila hakuna anayekuambia ni mwezi gani.

Siku moja nilimwonyesha mwenye nyumba jina langu gazetini. Akalitazama kwa makini, akatabasamu, akasema: "Vizuri sana. Sasa, na kodi?"

Kazi hii ina kanuni. Sheria ya Baraza la Vyombo vya Habari ya mwaka wa 2013 ilikuja na maadili ya uanahabari: andika ukweli, mpe anayelaumiwa nafasi ya kujibu, usimsumbue mfiwa, usipokee zawadi kutoka kwa mtu anayetaka kuathiri habari yako. Nazijua vizuri. Nilizisoma chuoni, wakati ambapo chakula kilikuwa kinalipiwa na mzazi.

Nje ya darasa nilikuta neno moja ambalo mwalimu hakutufundisha: nauli.

Iko hivi. Mheshimiwa akimaliza kuhutubia wanahabari, maswali huwa mawili, matatu, tena ya upole. Kisha kijana wake anatokea na orodha, mnazunguka nyuma ya gari, kila mtu anapewa bahasha. Ndani mna Sh1,000, pengine zaidi uchaguzi ukikaribia. Hakuna anayeiita hongo. Ni nauli, hata kwa yule aliyekuja kwa miguu.

Ndiyo maana kukiwa na mwaliko, swali la kwanza kwenye grupu yetu ya WhatsApp halihusu habari. Ni: "Wasee, huko kuna kitu?" Na mtu akijaribu kuhubiri maadili, atajibiwa kwamba mkono mtupu haulambwi.

Wapo hata wanahabari feki ambao hawajawahi kuandika chochote popote. Mmoja ana kamera ambayo sijaiona ikiwaka. Lakini kwenye orodha ya bahasha, jina lake halikosi.

Nilikuwa nacheka haya yote hadi siku ya kisima.

Kaunti sitaitaja. Ziko 47, na kila msomaji atadhani ni yake. Tulibebwa na gari la maafisa hadi kijijini, tukapewa soda na taarifa iliyopigwa chapa. Mfereji ukafunguliwa, maji yakatoka kwa nguvu, mheshimiwa akanywa glasi nzima, akina mama wakapiga vigelegele.

Niliona lori la maji likiondoka nyuma ya shule. Nikajiambia labda lilileta maji ya chai ya wageni. Sikuuliza. Soda ilikuwa baridi, na gari la kunirudisha mjini lilikuwa lao.

Habari yangu ilitoka na picha kubwa: wakazi waaga kiu. Malipo yake yalikuja baada ya miezi mitatu, na yalikuwa chini ya ile bahasha.

Baadaye nilirudi kijiji hicho kwa mazishi. Njiani nikakutana na nyanya mmoja akiswaga punda aliyebebeshwa mitungi.

"Mjukuu wangu, si wewe ule wa gazeti?"

Nikaitikia kwa fahari.

"Basi nionyeshe hicho kisima chenye maji. Huenda ni mimi tu nisiyejua kilipo."

Hakuwa na hasira. Ningependa angekuwa nayo. Alinieleza kwamba mfereji ulikauka siku ileile ya sherehe. Wazee wakachangishana, wakaenda ofisini kulalamika. Afisa akafungua droo, akatoa gazeti, akawauliza: "Mbona hapa imeandikwa mna maji?"

Gazeti lenyewe lilikuwa na jina langu.

Miaka yote nilidhani habari mbovu haimdhuru mtu. Inasomwa asubuhi, jioni inafungia nyama. Kumbe kuna mahali inawekwa kwenye droo, inangoja wanyonge waje kulalamika.

Niliandika upya. Nauli ya bodaboda nilikopa Fuliza. Nikazungumza na wakazi, nikapiga picha mfereji mkavu, nikaipa ofisi husika nafasi ya kujibu. Walichukua wiki mbili kuniambia kwamba pampu ina "hitilafu ndogo". Nilipompelekea mhariri, aliuliza swali moja tu: "Ile ya kwanza si uliandika wewe?"

Nikakubali. Akanyamaza kidogo, kisha akasema tutaanza na hilo.

Habari ilitoka ukurasa wa ndani, fupi, ikianza kwa kukiri kosa letu. Wiki hiyo nilitolewa kwenye orodha ya mialiko. Rafiki zangu wananiita "Maadili", na si kwa kunisifu.

Sisemi haya ili nijifanye malaika. Bahasha ya kisima niliila, na ilikuwa tamu. Lakini wakubwa wetu katika vyumba vya habari wanafaa kujua jambo moja: ukimtuma kijana kilomita 60 bila kumpa nauli, umemwachia mtu mwingine ailipe. Na anayelipa nauli ndiye huamua gari litasimama wapi. Mafunzo ya maadili hotelini ni mazuri, lakini kulipa habari kwa wakati kungefunza zaidi.

Pampu haijatengenezwa hadi naandika haya. Lakini juzi yule nyanya alimtuma mjukuu wake kwangu mjini. Alitaka nakala mbili za gazeti: moja ya kusomewa nyumbani, na nyingine ya kwenda nayo ofisini, wamwekee afisa kwenye droo.