Molibdenamu Ikizidi, Zeolaiti Hubomoka

Anayetengeneza kichocheo cha zeolaiti huulizwa kwanza ametia metali asilimia ngapi. Swali ni halali, ila halitoshi. Lililo zito zaidi ni metali hiyo imekaa wapi. Tuchukue zeolaiti iitwayo ZSM-5, iliyotiwa metali ya molibdenamu. Mwaka 1993 watafiti wa Dalian, China, walieleza kuwa mchanganyiko huo hugeuza methani kuwa benzini na hidrojeni bila oksijeni, kwenye joto la nyuzi 700 hivi za Selsiasi. (Methani ndiyo sehemu kubwa ya gesi ya Songo Songo na Mnazi Bay, kwa hiyo habari hizi haziko mbali nasi kama zinavyosikika.)

ZSM-5 ni fuwele ya silikoni, alumini na oksijeni, yenye vijia vya upana wa nanomita 0.55 hivi, ambamo molekuli ya benzini hupita kwa kubanana. Kila alumini inapoishika nafasi ya silikoni, huhitajika protoni ya kusawazisha chaji, na protoni hiyo ndiyo asidi yenyewe. Oksidi ya molibdenamu ikichomwa pamoja na zeolaiti kwenye nyuzi 500 na zaidi, husambaa vijiani, huziondoa protoni zikatoka kama mvuke wa maji, kisha hujishikiza papo hapo. Ushahidi hupatikana kwa besi iitwayo piridini: ikinaswa na protoni, mwanga wa infraredi huonyesha alama karibu na 1545 kwa sentimita, na alama hiyo hufifia kadiri metali inavyoongezwa. Basi metali iliyokaa vizuri imelipiwa kwa asidi. Zeolaiti yenye silikoni 15 kwa kila alumini ina takribani milimoli moja ya protoni kwa gramu. Kwa hesabu ya karatasi, molibdenamu ya asilimia 10 ingetosha kuweka atomu moja kwa kila protoni.

Fuwele haiifuati hesabu hiyo. Mara nyingi mambo huharibika mapema zaidi: oksidi iliyokosa nafasi hurundikana nje na kuziba milango ya vijia, na mionzi ya eksirei huanza kuionyesha kama fuwele ya pekee. Baya zaidi, molibdenamu huing'oa alumini kutoka kwenye kiunzi na kuunda molibdati ya alumini. Hapo hatupotezi protoni tu, bali hata mahali pa kuishikilia, na kuta zenyewe hulegea.

Wapo watakaopinga: asidi kali huzalisha masizi yanayoziba vijia, kwa nini basi tusifurahi ikipungua? Ni kweli, kupungua kiasi husaidia. Wengine huenda mbali zaidi na kudai kuwa benzini huundwa na kaboni iliyonaswa vijiani, wala si na protoni. Hata wakiwa sahihi, protoni ilikuwa na kazi ya kuitawanya na kuishikilia metali, na kazi hiyo hufanyika kabla methani haijafika. Isitoshe, masizi huondolewa kwa kuunguzwa hewani, na kila mara molibdenamu hurudi kuwa oksidi inayotembea na kuing'oa alumini upya. Ndiyo maana vichocheo vyenye molibdenamu isiyozidi asilimia 2 hivi huvumilia kuunguzwa tena na tena, ilhali vya asilimia 5 hupoteza fuwele yake.